Viwango vya Kawaida vya Vipimo vya Damu kwa Watoto na Vijana wa Kanda ya Ziwa

Kila karatasi ya majibu ya maabara ina safu mbili za namba. Ya kwanza ni majibu ya mgonjwa, na ya pili, ambayo kwa kawaida huchapwa pembeni kwa herufi ndogo, ni kiwango cha kawaida ambacho majibu hayo hulinganishwa nacho. Kitaalamu safu hii ya pili huitwa kiwango rejea. Hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kupanga majibu yao kuanzia la chini hadi la juu, kisha kuweka kando asilimia 2.5 ya chini kabisa na asilimia 2.5 ya juu kabisa. Asilimia 95 iliyobaki katikati ndiyo inayoitwa kawaida.

Maana hiyo ina matokeo mawili. Kwanza, hata wenye afya njema hutoka nje ya kiwango: mmoja kati ya 20 kwa kila kipimo. Mtoto mzima akipimwa vitu 10 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mipaka ni takriban asilimia 40. Alama ya juu au ya chini mbele ya namba moja haitoshi kuwa ugonjwa. Pili, kiwango ni picha ya watu waliopimwa. Kama walikuwa watu wazima wa Ulaya au Marekani, kitaeleza damu ya watu hao. Mashine nyingi za maabara huletwa zikiwa na viwango vya kiwandani, na maabara isipovibadili, mtoto wa Sengerema au Ukerewe hulinganishwa na mtu ambaye hafanani naye kwa umri, kwa nasaba wala kwa mazingira.

Kazi ya kuweka viwango kwa watoto wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria hukutana na swali moja kila hatua: tofauti inayoonekana kati ya watoto hawa na wa kwingine ni umbile lao, au ni ugonjwa uliozoeleka hadi ukaonekana umbile? Tofauti ya aina ya kwanza inapaswa kuingia katika kiwango. Ya aina ya pili inapaswa kuzuiwa isiingie.

Umri hubadilisha damu

Mtoto mchanga huzaliwa na wingi mkubwa wa damu, kwa kawaida hemoglobini ya gramu 14 hadi 20 kwa desilita, kwa kuwa tumboni aliishi katika oksijeni kidogo. Baada ya kuzaliwa uboho hupunguza kasi, na kati ya wiki ya 8 na ya 12 hemoglobini hushuka hadi gramu 9 hadi 11. Huo si upungufu wa damu. Ni hatua ambayo kila mtoto hupitia. Baadaye hupanda polepole, na katika balehe njia za wavulana na wasichana huachana. Homoni ya kiume husukuma hemoglobini ya mvulana juu, ilhali msichana huanza kupoteza madini ya chuma kila mwezi.

Chembe nyeupe nazo zina ratiba yake. Kwa mtu mzima, nyutrofili ndizo nyingi kuliko aina nyingine. Kwa mtoto, kuanzia wiki chache baada ya kuzaliwa hadi umri wa takriban miaka 4 au 5, limfosaiti ndizo zinazoongoza. Karatasi yenye viwango vya watu wazima itaonyesha limfosaiti nyingi na nyutrofili chache kwa karibu kila mtoto wa miaka 2 aliye mzima. Chembe za kinga za CD4 pia huwa nyingi sana kwa mtoto mchanga, kisha hupungua mwaka hadi mwaka mpaka kufikia kiwango cha mtu mzima karibu na umri wa miaka 5.

Katika vipimo vya kemia ya damu hatari hugeuka: badala ya kuonyesha ugonjwa usiokuwapo, karatasi inaweza kuficha uliopo. Kreatinini, inayotumika kupima kazi ya figo, hutokana na misuli, na mtoto mdogo ana misuli kidogo. Kwa mtoto wa miaka 3 mwenye figo nzima kreatinini huwa takriban mikromoli 20 hadi 40 kwa lita, ilhali mtu mzima hufika hadi 100 au zaidi kidogo. Mtoto wa urefu wa sentimeta 95 akiwa na 80, kiwango cha watu wazima kitasema yuko sawa. Kanuni ya Schwartz, inayozidisha urefu wa mtoto kwa 36.5 na kugawa kwa kreatinini, itatoa takriban 43, wakati figo nzima hutoa zaidi ya 90. Figo zimepoteza nusu ya kazi yake na karatasi haijaonyesha alama yoyote.

Kimeng'enya cha alikalini fosfatase huenda upande mwingine. Hutoka kwenye ini na pia kwenye mifupa inayokua, hivyo mvulana wa miaka 13 anayerefuka kwa kasi anaweza kuwa na kiwango mara tatu ya kile cha baba yake bila tatizo lolote la ini. Kwa wasichana kilele huja mapema zaidi na kushuka mapema zaidi. Kwa sababu hiyo kundi moja la miaka 10 hadi 18 halifai kwa kipimo hiki. Linahitaji kugawanywa kwa umri mdogo zaidi na kwa jinsia.

Mahali na nasaba

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na makazi yote ya mwambao yako juu zaidi ya hapo. Hewa ya mwinuko ina oksijeni kidogo kuliko ya pwani, na mwili hujibu kwa kutengeneza hemoglobini zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaagiza kupunguza gramu 0.8 kwa desilita kutoka kwenye majibu ya mtu anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499 kabla ya kuamua kama ana upungufu wa damu. Mwongozo wa zamani ulipunguza gramu 0.2 tu kwenye mwinuko wa mita 1,000. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza mwenye gramu 11.5 anahesabiwa kama mwenye 10.7 akilinganishwa na aliyeko usawa wa bahari, na tofauti hiyo inatosha kumhamisha kutoka kundi moja hadi jingine.

Nyutrofili hutoa mfano safi wa tofauti ya kurithi. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko la jeni linaloondoa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, badiliko linalowakinga na malaria ya vivax. Watu hao huwa na nyutrofili chache katika damu inayotolewa mshipani, ingawa uwezo wao wa kupambana na maambukizi ni wa kawaida. Kikomo cha chini kinachotumika sana duniani ni nyutrofili 1,500 kwa mikrolita. Watu wengi wazima kabisa wa Afrika Mashariki huwa chini ya hapo. Kikomo hicho kikitumika bila kufikiri, mtoto anayetibiwa saratani anaweza kuahirishiwa dawa bila sababu, na kijana aliyejitolea katika majaribio ya chanjo anaweza kukataliwa au kuandikwa kuwa amepata madhara ambayo hayapo. Tofauti hii ni ya umbile, na kiwango cha hapa kinapaswa kuikubali.

Eosinofili ni mfano wa kinyume. Chembe hizi huongezeka mwilini mwa mwenye minyoo, na mwambao wa Ziwa Viktoria ni eneo kubwa la kichocho cha tumbo, hasa visiwani na kwenye vijiji vya wavuvi, ambako watoto huoga, huchota maji na kucheza palepale konokono wanapoishi. Watoto wa kijiji kama hicho wakipimwa bila kuchujwa, kikomo cha juu cha eosinofili kitapanda mara kadhaa kuliko cha Ulaya. Itakuwa namba ya kweli kuhusu kijiji na ya uongo kuhusu afya. Ikichapwa kwenye karatasi za majibu, mtoto mwenye kichocho ataambiwa yuko kawaida kwa sababu wenzake nao wanacho.

Hemoglobini iko kati ya mifano hiyo miwili. Sehemu ya tofauti yake hutokana na mwinuko na urithi, na sehemu kubwa hutokana na malaria, minyoo ya safura na uhaba wa madini ya chuma katika chakula. Hapo ndipo mchujo unapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote.

Yaliyokwisha kufanyika Afrika Mashariki

Mwanza haianzi kutoka sifuri. Mwaka 2004 watafiti wa Uganda walichapisha viwango vya damu vilivyotokana na watu 3,311 wasio na virusi vya ukimwi, kuanzia mtoto wa wiki moja hadi mzee wa miaka 92. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa pamoja wa watu wazima 2,105 wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, uliofuata kanuni moja ya maabara katika vituo vyote. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya mkoa wa Kilimanjaro, ambako watoto 655 wenye afya wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka 18 walipimwa chembe za damu na chembe za kinga. Mwaka 2011 vilifuata viwango vya vijana wa Asembo, katika mwambao wa ziwa upande wa Kenya. Mwaka 2017 vilichapishwa vya watoto wachanga wa Kilifi.

Kati ya hizo, jedwali la Kilimanjaro ndilo la Tanzania na la umri unaotakiwa. Hata hivyo Kilimanjaro ina malaria kidogo kuliko Kanda ya Ziwa, na maisha ya mwambao na visiwani hayafanani na ya mlimani. Asembo inafanana zaidi na Mwanza kwa ziwa, mwinuko na magonjwa, ila haina watoto wadogo. Kwa hiyo kazi ya busara ni kuazima kwa tahadhari, kuthibitisha, na kutengeneza upya pale tu kilichoazimwa kinaposhindwa.

Taasisi za kuifanya zipo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko pamoja na chuo kikuu cha afya kilichobeba jina lake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Mwanza, na wilayani Magu kuna eneo la Kisesa ambako kaya zimekuwa zikiorodheshwa na kufuatiliwa tangu mwaka 1994. Orodha ya aina hiyo ni hazina. Inawezesha kuchagua watoto kwa bahati nasibu kutoka nyumbani kwao, badala ya kuwakusanya waliokuja hospitali wakiwa wagonjwa.

Kuthibitisha kabla ya kuunda

Kanuni inayofuatwa na maabara nyingi duniani ni mwongozo wa EP28 wa taasisi ya Marekani iitwayo CLSI. Mwongozo huo unaruhusu maabara kuchukua viwango vya mahali pengine kwa sharti la kuvijaribu. Huchaguliwa watoto 20 wenye afya wa kundi husika, kwa mfano wasichana wa miaka 12 hadi 14, na damu yao hupimwa kwa mashine ya maabara hiyo. Wakitoka nje ya mipaka wasiozidi 2, viwango hukubaliwa. Wakitoka 3 au 4, hupimwa wengine 20 kwa kanuni ileile ya wasiozidi 2. Wakitoka 5 au zaidi mara ya kwanza, au 3 na zaidi mara ya pili, viwango hivyo havifai, na njia ya kupima nayo huchunguzwa.

Jaribio hili liko ndani ya uwezo wa hospitali ya mkoa na hata ya wilaya, kwa sababu watoto 20 kwa kundi wanaweza kupatikana katika shule moja kwa asubuhi mbili. Maabara inayoanza isijaribu vipimo vyote kwa pamoja. Ianze na vile vinavyobadilisha matibabu ya watoto kila siku: hemoglobini, chembe nyeupe na aina zake, chembe sahani, kreatinini na vimeng'enya vya ini.

Pale uthibitisho unaposhindikana, viwango vipya huhitaji angalau watoto 120 katika kila kundi baada ya mchujo. Idadi hiyo ina sababu yake. Majibu 120 yakipangwa kwa mfuatano, kikomo cha chini huangukia jibu la tatu na cha juu huangukia la 118, na idadi hiyo ndiyo ya chini kabisa inayowezesha kukadiria kila kikomo kinaweza kukosewa kwa kiasi gani. Makundi sita ya umri na jinsia yatahitaji watoto 720 waliopita mchujo. Mtoto mmoja kati ya wanne akitarajiwa kuondolewa, wataandikishwa 160 kwa kundi. Katika kijiji cha kichocho ambako nusu yao wanaweza kuondolewa, wataandikishwa 240.

Nani ni mtoto mwenye afya

Sifa za kuingizwa na kuondolewa huandikwa kabla ya kazi kuanza na hazibadilishwi baada ya kuona majibu. Kwa Kanda ya Ziwa, mtoto huondolewa akiwa na homa siku hiyo au katika wiki mbili zilizotangulia. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, au akiwa ametibiwa malaria ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa wingi wa damu huchukua wiki kadhaa kurudi. Akiwa na mayai ya kichocho au minyoo kwenye choo, au damu na mayai kwenye mkojo. Akiwa na virusi vya ukimwi. Akiwa na utapiamlo kwa vipimo vya uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Au akitumia dawa zinazoathiri damu, zikiwemo vidonge vya madini ya chuma. Msichana mjamzito naye huondolewa, na swali hilo huulizwa faraghani, mbali na mzazi na walimu.

Selimundu inahitaji kipengele chake. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye selimundu nyingi zaidi nchini. Uchunguzi wa matone ya damu ya watoto wachanga wa kanda hiyo, uliofanywa Bugando na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 amebeba jeni moja ya selimundu, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Wenye ugonjwa lazima waondolewe. Wenye jeni moja huwa na hemoglobini ya kawaida na wanaweza kubaki, mradi uamuzi huo uandikwe mapema na hali ya kila mtoto ijulikane.

Kuonekana mzima hakutoshi. Mtoto anaweza kukimbia mpira uwanjani huku akiba yake ya madini ya chuma imekwisha. Inapowezekana hupimwa feritini pamoja na kipimo cha uvimbe mwilini, kwa sababu feritini hupanda penye maambukizi na kuficha upungufu. Pasipo uwezo huo, ukubwa wa chembe nyekundu hutoa fununu, ingawa thalasemia ya alfa, hali ya kurithi, nayo hufanya chembe kuwa ndogo.

Msimu nao huchaguliwa. Malaria hupanda baada ya mvua za vuli na za masika, hivyo kiangazi cha Juni hadi Septemba huondoa watoto wachache zaidi. Kazi inayofanyika wiki chache baada ya shule kugawa dawa za kichocho na minyoo itapata pia watoto wengi waliotakasika, ila tarehe ya dawa iandikwe, kwani eosinofili huweza kupanda kwa muda baada ya minyoo kufa.

Umri wa kweli hutoka kwenye kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, si kwenye darasa analosoma mtoto. Na watoto wasiosoma, wakiwemo wa makambi ya uvuvi wanaohama mwalo hadi mwalo, wasiachwe kwa sababu tu shule ndiyo njia rahisi.

Ridhaa na kiasi cha damu

Kutoa damu ya mtoto asiye mgonjwa kunahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe aliye na umri wa kuelewa. Mtoto akikataa, basi, hata kama mzazi ameshatia sahihi.

Uvumi wa mumiani, watu wanaodaiwa kuiba damu, bado una nguvu vijijini, na timu inayofika na sindano bila kujitambulisha huupa chakula. Mkutano wa kijiji ukiitishwa na mwenyekiti na mtendaji, wazee, walimu na wahudumu wa afya wa jamii wakihudhuria, maswali yote huulizwa mchana: damu kiasi gani, inakwenda wapi, itamwagwa lini, majibu yatarudi lini. Chupa halisi ionyeshwe hapo mkutanoni ili kila mtu aone ukubwa wake.

Kiasi kinachokubalika kwa kawaida ni kisichozidi asilimia 1 ya damu yote ya mtoto kwa mara moja, na asilimia 3 kwa wiki nne. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 10 ana mililita 800, hivyo mwisho wa mara moja ni mililita 8, na kazi nzima inaweza kumalizika kwa 4 au 5.

Kila familia hurudishiwa majibu, na mtoto aliyekutwa na ugonjwa hutibiwa. Aliyeondolewa kwa kichocho hupewa prazikwanteli, mwenye malaria hupewa dawa mseto, mwenye selimundu huunganishwa na kliniki. Mtoto aliyeondolewa kwenye orodha ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuhudumiwa.

Safari ya sampuli

Namba mbaya nyingi huzaliwa kabla damu haijafika kwenye mashine. Mtoto akae kwa utulivu dakika kadhaa, mkanda wa mkono usifungwe zaidi ya dakika moja, na ngumi isikunjwe na kukunjuliwa, kwa kuwa hilo hupandisha potasiamu. Damu ya mshipa na ya ncha ya kidole hazichanganywi katika jedwali moja. Chupa ya kifuniko cha zambarau hugeuzwa taratibu mara kadhaa bila kutikiswa, ili damu isigande na chembe zisipasuke.

Umbali ni adui wa pili. Sampuli iliyotolewa asubuhi Ukerewe husafiri kwa meli kutoka Nansio saa kadhaa, na bado kuna njia ya kutoka kijijini na ya kutoka bandarini. Chembe nyekundu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na hatimaye huvujisha potasiamu. Dawa yake ni kuzungusha na kutenga majimaji ya damu kisiwani kwenyewe, katika kituo cha afya chenye umeme au jenereta, kisha kusafirisha majimaji hayo kwenye kasha la ubaridi. Chembe za damu hupimwa siku ileile. Muda wa kutoa, wa kutenga na wa kupima huandikwa kwa kila chupa, na sampuli iliyochelewa au kugeuka nyekundu kwa chembe kupasuka hutupwa.

Mashine hukaguliwa kila asubuhi kwa sampuli za udhibiti, na maabara hushiriki mpango wa ulinganifu na maabara nyingine. Viwango vilivyotengenezwa kwa mashine isiyokaguliwa vitabeba kosa la mashine hiyo miaka mingi.

Hesabu na maamuzi yake

Majibu yakikamilika, kwanza huchorwa. Mchoro huonyesha majibu yaliyokaa mbali na mengine na makundi mawili yaliyojificha ndani ya moja. Kanuni rahisi ya jibu la pekee ni ya Dixon: pengo kati ya jibu la mwisho na linalofuata likizidi theluthi moja ya umbali wote kutoka la chini hadi la juu, jibu hilo hutiliwa shaka. Lisifutwe kabla ya kurudi kwenye fomu ya mtoto na kutafuta sababu.

Makundi hugawanywa pale tu maumbile yanapodai. Hemoglobini ya wavulana na wasichana wa miaka 6 haina tofauti ya maana na inaweza kuunganishwa. Ya miaka 16 haiwezi. Kugawanya kupita kiasi huacha watoto wachache katika kila kundi na kutoa mipaka isiyoaminika.

Jedwali la mwisho huonyesha, mbali na vikomo, idadi ya watoto, umri na jinsia, mwinuko wa mahali, aina ya mashine, sifa za mchujo na ukubwa wa mashaka wa kila kikomo. Bila maelezo hayo, maabara ya Geita au Musoma haiwezi kujua kama jedwali linaifaa.

Kiwango rejea na kikomo cha matibabu

Kiwango rejea hueleza watoto wenye afya wakoje. Kikomo cha matibabu hueleza ni wapi madhara yanaanza na hatua ichukuliwe. Vitu hivi viwili havibadilishani nafasi.

Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuwa ni hemoglobini chini ya gramu 10.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, chini ya 11 kwa wa miezi 24 hadi 59, chini ya 11.5 kwa wa miaka 5 hadi 11, na chini ya 12 kwa wa miaka 12 hadi 14. Jedwali la kijiji likitoa kikomo cha chini cha gramu 9.5 kwa watoto wa miaka 5, hakuna ruhusa ya kusema mwenye 9.8 yuko salama. Kinachoonekana hapo ni mchujo uliopitisha watoto wenye upungufu wa chuma au maambukizi ya kimyakimya. Kwa hemoglobini, kliniki za mwambao ziendelee kutumia vikomo vya kimataifa pamoja na marekebisho ya mwinuko. Kwa nyutrofili, ambako tofauti ni ya umbile, jedwali la hapa litangulie. Kwa eosinofili, kiwango kichukuliwe kutoka kwa watoto waliothibitishwa kutokuwa na minyoo peke yao. Kwa kreatinini na alikalini fosfatase, umri ndio wa kuangaliwa kabla ya mahali.

Matumizi zahanati na nyumbani

Fomu ya maabara iandikwe umri kwa miaka na miezi, na jinsia. Neno mtoto peke yake halitoshi kuchagua kiwango. Kompyuta ya maabara ikiweza, ipangwe itoe kiwango chenyewe kwa kufuata tarehe ya kuzaliwa. Isipoweza, jedwali la watoto libandikwe ukutani kwenye chumba cha daktari na cha maabara. Vizio vya vipimo navyo visomwe: kreatinini iliyoandikwa kwa miligramu kwa desilita huzidishwa kwa 88.4 kupata mikromoli kwa lita, na kuchanganya vizio hivyo kumeshapotosha maamuzi mengi.

Mzazi anayepokea karatasi yenye alama ya juu au chini ana maswali matatu ya kumuuliza daktari: kiwango hiki ni cha umri wa mtoto huyu? Majibu yametoka nje kidogo au mbali sana? Yamebadilikaje tangu kipimo kilichopita? La tatu mara nyingi huzidi mengine kwa uzito. Hemoglobini iliyoshuka kutoka 12.8 hadi 11.6 kwa miezi mitatu inaweza kuwa bado ndani ya mipaka na bado ikahitaji kutafutiwa sababu. Karatasi za zamani kwa hiyo zihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, na ikiwezekana vipimo virudiwe katika maabara ileile. Kupungua kidogo kusiwapeleke wazazi dukani kununua dawa za kuongeza damu bila ushauri; mtoto wa selimundu, kwa mfano, anaweza kuwa na damu kidogo na bado asihitaji chuma.

Kupitia upya

Viwango huzeeka. Mashine mpya au kitendanishi kipya kinahitaji uthibitisho wa watoto 20 kabla ya jedwali la zamani kuendelea kutumika. Mabadiliko ya afya ya jamii nayo yanahitaji mapitio: malaria ikipungua, kichocho kikidhibitiwa na lishe ikiboreka, hemoglobini ya watoto itapanda na eosinofili zitashuka, na jedwali lililotengenezwa wakati wa maradhi litabaki likiruhusu hali ambayo jamii imeshaivuka. Maabara inayoandika tarehe ya mapitio kwenye jedwali lake, na kutaja anayehusika nayo, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuliona hilo mapema.